Ubeti Wangu Kwenye Albamu ya Mzee Hamish

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, jukwaani, nikiwa nimevaa gauni jipya.

Hapa kwetu Weston, huku ughaibuni, nina jirani, Mzee Hamish, Mskoti mpiga fidla. Siku moja alinisikia nikiimba kwenye chumba cha kufulia nguo, akanijia mbio na soksi mkononi. Alikuwa anarekodi albamu: nusu nyimbo za kale za kwao, nusu alizotunga mwenyewe. Akataka niimbe ubeti mmoja wa Kigaeli, lugha ya babu zake ambayo Waskoti wengi hawaielewi tena.

"Utaweza, Nekesa?"

"Mzee, kwaya nzima ya kanisa inanitegemea mimi!" (Kigaeli sijui hata salamu.)

Studioni mambo yalikwenda vizuri. Niliandika matamshi kwa herufi za Kiswahili kwenye karatasi, nikasoma, tukamaliza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi, saa nane mchana. Nikanyakua karatasi yangu kwenye mlango wa friji, huyo, mpaka ukumbini. Kumejaa! Wazee na sketi zao za mirabaraba, mabibi na vitambaa vyao vya shingoni.

Zamu yangu ikafika. Fidla ikalia kwa huzuni. Nikakunjua karatasi.

Vitunguu vitatu. Maharagwe makopo mawili. Sabuni ya vyombo.

Mungu wangu! Nimebeba orodha ya dukani!

Mwingine angekimbia. Mimi? Nikafumba macho, nikaimba. "Viiitunguuu viiitaaatu..." Kwenye maharagwe nikapandisha. Kwenye sabuni nikatetemesha sauti. Mzee Hamish alinitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe ndani ya lifti, lakini fidla haikusimama. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akatoa kifaa chake cha sikioni, akakikung'uta, akakirudisha. Bibi aliyekaa kando yake alikuwa anafuta machozi!

Makofi. Nikainama kama malkia.

Ningeshuka hapo hapo, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini yule bibi akauliza, "Ubeti huo sijawahi kuusikia. Unasema nini?"

"Ni mama," nikajibu kwenye maikrofoni, bila kupepesa. "Anamlilia mwanawe aliyezama baharini."

"Mwongo!"

Kiswahili! Mstari wa tatu akasimama mama wa Kihindi, shali begani. (Nilikuja kuambiwa ni mzaliwa wa Mombasa.)

"Mwanangu, wawadanganya wazee wa watu? Bahari gani? Hivyo ni vitunguu!"

Kisha akaugeukia ukumbi, akawatafsiria kwa Kiingereza safi, kitu kimoja baada ya kingine, hadi sabuni.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee Hamish alicheka mpaka upinde wa fidla ukamponyoka. Yule bibi akalia upya, safari hii kwa kicheko.

Nikamgeukia yule mama. Nikasema neno pekee lililonijia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti unayo. Adabu tutakutafutia."

Mzee Hamish akaokota upinde, akadai niurudie ule ubeti. Nikaurudia! Safari hii Waskoti ukumbi mzima wakaitikia, "Vitunguu vitatu!" Na niwaambie, sikukosea noti hata moja.

Basi ndugu zangu, wimbo usioujua unaweza kuuimba. Usijaribu tu kuwaeleza watu maana yake. Na nyinyi mnaocheka, nimewaona.