Mkeka Ndani ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo umekataa. Tunajenga madarasa mapya katika shule hii, na mbeba zege ni mimi. Leo mwalimu wa sanaa alitujia na shida yake: wanafunzi wanasoma tamaduni za Afrika vitabuni tu, hawajawahi kuona kitu chenyewe. Akauliza nani ana kitu cha asili kutoka kwao. Nikajibu ninao mkeka wa harusi ya chifu, wa enzi za babu wa babu. Mkeka ninao kweli. Naulalia. Mama alinishonea nilipoondoka nyumbani. Mwalimu kaniombea ruhusa kwa msimamizi: kila kipindi cha sanaa niingie darasani nieleze. Saa hizo zege sibebi. Nimekaa!

Jumanne, 4 Machi
Nimefundisha. Nyekundu ni damu ya mashujaa. Zambarau ni huzuni ya wajane. Wanaandika mbio mbio. Mwalimu akaufungia mkeka kwenye kabati la kioo, akabandika karatasi: Usiguse. Habari ya kulala sikuifikiria.

Jumatano, 5 Machi
Nimelala juu ya mifuko mitupu ya saruji. Fundi bomba, ninayekaa naye chumba kimoja, kaniuliza kwa kejeli kama mimi mwalimu leo nalalia elimu. Yeye ana mkeka wa plastiki na anakoroma kama pampu. Nikamwomba tupokezane. Akasema usingizi hatupokezani, ndugu yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Binti wa dawati la mbele kauliza mbona ukili mmoja, yaani ule ukanda uliosukwa wa katikati, umepinda na kulegea. Nikasema ni njia ya wahenga, haikunyooka. Mwalimu akaandika ubaoni. Binti hakuridhika. Akasema huo ni mkono wa mtoto. Hata yeye akisuka kwa bibi yake hutoka hivyo.

Walipotoka nikasogea kwenye kioo. Miaka yote nimeulalia, sijawahi kuutazama. Ukili ni wangu. Utotoni niliugua surua, mama akanipa majani ya ukindu nisuke ninyamaze. Nilidhani ukili ule aliuwashia moto. Kumbe aliutunza mpaka nimekuwa mtu mzima, akaushona katikati, penye mgongo.

Nimekaa pale mpaka msimamizi akanifokea.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaambia wanafunzi ukweli. Chifu hakuna. Rangi ni zilizokuwa zimebaki dukani. Ukili ni wangu. Nilitaka wajue. Nilitaka pia mkeka wangu. Binti akaomba kuugusa, mwalimu akafungua kioo, wakapita mmoja mmoja wakipapasa ule uliopinda. Mwalimu akafuta ubao, akasema hajawahi kupata kitu kinachofundisha kama hiki. Kisha akafunga tena, kwa kufuli kubwa zaidi. Mkeka utabaki shuleni mpaka mwisho wa mwaka. Na mimi, kwa kuwa nimeshaeleza yote, nirudi kwenye zege.

Jumanne, 11 Machi
Zege. Mifuko ya saruji. Mgongo.

Jioni nimemfuata mwalimu nikamweleza kuna mkeka wa zamani zaidi, wa ukoo wa wahunzi, ila mwenyewe hajui thamani yake. Akiupata huo, anirudishie wangu. Kanitazama sana, kisha akasema nilete auone. Kesho fundi bomba akienda kuoga, naukunja mkeka wake. Kwa mbali plastiki haionekani. Ule muhuri wa kiwanda pembeni nitasema ni alama ya ukoo.