Sare Kamili ya Kwa Ndunda

Kitendawili! Itikia basi, wewe unayesoma, usinikodolee macho. Nyumba ilipokuwa imesimama hakuna aliyeitamani. Ilipobomoka, kila mtu anaapa kitovu chake kilizikwa humo. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Campbelltown? Si haba, treni zipo. Nimekwenda, nikafika, nikala, nikashiba, na jibu nimerudi nalo: ni shule iliyofungwa.

Jumamosi hiyo asubuhi kijiwe cha Mount Druitt hapa Sydney, yale mabenchi mawili nje ya duka la kuku wa kuchoma, kilikuwa kinachemka. Gakii, waliyembandika jina la Mama Termosi kwa kuwa ndiye mleta kahawa, hakuwa amejaza hata kikombe cha pili Mugambi alipoinua simu juu kama mhubiri.

"Watu wangu, mambo imeiva! Leo saa sita, ukumbi wa Macquarie Fields, tunakumbuka Kwa Ndunda African High School. Old boys wamejiandikisha arobaini na tatu!"

Mugambi ndiye mwenyekiti wa sherehe. Kijiweni anaitwa Waziri, maana hajawahi kukosa wizara.

"Arobaini na tatu wametoka wapi?" Gakii akacheka. "Shule ya Waafrika ilifungwa uhuru ulipokuja. Sydney nzima aliyesoma pale ni Mzee Mbuvi peke yake. Wewe ulizaliwa lini?"

"Eighty-one. Lakini mimi ni old boy wa kiroho."

"Wa kiroho!"

"Usinicheke, mathe. Ilifungwa ikageuzwa stoo ya mahindi, si ndiyo? Babangu alilinda hiyo stoo miaka tisa. Nimekula ugali wa mahindi yaliyolala darasa la Form Two. Hiyo si elimu?"

Hata Mzee Mbuvi, aliyekaa mwisho wa benchi na kofia yake ya sufu, alicheka mpaka akakohoa. Ana miaka themanini na moja. Alikuja kwa bintiye, nesi wa hospitali ya Westmead, na kijiwe kikampa jina Hedimasta ingawa maisha yake yote alikuwa karani wa reli.

Hapo akatokea Blaise, fundi cherehani kutoka Bukavu, na mfuko wa nailoni kifuani kama kabeba mtoto.

"Bon! Papa Mbuvi, koti yako iko hapa. Kijani, alama ya dhahabu, vifungo sita. Nimeshona siku tatu, bibi yangu anasema nioe koti!"

Mzee akalipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya nembo, simba amekanyaga kitabu, na kile kicheko chote kikamtoka usoni. Gakii aliona. Akaacha kumimina.

"Nembo hii mmeitoa wapi?" Mzee akauliza.

"Waziri alinitumia foto," Blaise akasema.

"Ni ya internet, Mzee. Niliandika jina la ile town na mwaka, ikatokea moja safi sana."

"Hii ni ya shule ya Wazungu, ng'ambo ya barabara. Sisi tuliichungulia kupitia ua wa michongoma."

Waziri akashusha simu. "Lakini si baadaye waliunganishwa? Ya kwenu ikafungwa, wanafunzi wakavuka. So legacy ni moja."

"Mimi sikuvuka. Nilikuwa nimeshamaliza. Nilivuka siku moja tu, nikiwa Form Three, kufuata mpira wetu. Nilichapwa viboko sita mbele ya watoto waliovaa koti hili."

"Woi! Pole, Mzee. Lakini kuna picha, itatundikwa ukumbini, na chini yake jina lako: mwanafunzi wa Kwa Ndunda. Na kadi za mwaliko zimeandikwa full uniform. Vaa dakika kumi tu, wakishapiga picha unavua."

"Wajukuu wake wamwone ukutani na koti la waliomchapa?" Gakii akamgeukia. "Waziri, rudisha kikombe changu!"

"Na hatuna ingine!" Waziri akalalama.

"Papa, naomba pardon," Blaise akasema polepole. "Mashine iko ndani ya gari, vitambaa viko. Masaa mbili inanitosha. Unambie tu: uniforme yenu ya kweli ilikuwa namna gani?"

Mzee alilikunja koti mikono kwanza, kama anayelifunga pingu lisije likatoroka.

"Mimi naona blazer ya maroon," Waziri akasaidia. "High school ya enzi hizo, unacheza!"

"Na tai ya mistari," Blaise akaongeza.

"Na soksi mpaka goti. Na ile kofia ya majani!"

"Na gants, zile soksi za mikono?"

"Mvisheni na taji basi!" Gakii akafoka. Kisha akamgeukia mzee kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mwanawe. "Baba Mutua, waambie wewe. Sare yenu ilikuwaje?"

Upepo wa baridi wa Julai ulipita. Waziri akajikunyata, akafuta vumbi kwenye viatu vyake vipya vya ngozi.

Mzee Mbuvi akamrudishia Blaise koti. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Kaptula ya kaki," akasema, "isiyo na mfuko hata mmoja, tusije tukaficha kitu. Shati bila kola. Na miguu mitupu, kwa amri, mvua au jua. Umeandika sare kamili, Waziri, nami nakwenda na sare kamili. Haya, old boy wa kiroho, vua."