Malalamiko Kuhusu Wageni Wanaoifuata Lifti Yetu

Kwa mpwa wangu mpendwa, Fundi wa Tovuti,

YAH: OMBI LA KUITOA TOVUTI YA JENGO LETU KWENYE MTANDAO USIO NA MWENYEWE

Sisi huku tu wazima, ila tumechoka kupendwa.

Barua hii ilikuwa iende kwa mkurugenzi wa mtandao huo. Uliponieleza kwamba hauna mkurugenzi, kwamba kila tovuti ni nyumba yenye mlango wake na majirani husalimiana tu dirishani, nikaona wa kulalamikiwa amebaki mmoja: wewe.

Kwa mujibu wa shajara yangu, tarehe 4 Machi uliongeza kijiprogramu kwenye tovuti ya wapangaji, ukamaliza chai, ukasema: "Tayari, mjomba. Tovuti haihami wala haibadiliki sura. Ila mtu akiwa kwenye mtandao wake hukohuko, anaweza kuifuata na kuijibu." Nilidhani ni mzaha. Kwa miaka mingi hakuna aliyeisoma ila mimi katibu, nikihakiki nukta. Tangu siku hiyo:

1. Nilitangaza kwamba lifti bado ni mbovu. Wapangaji walinyamaza, wamezoea. Lakini mwokaji mikate wa nchi nisiyoijua akaandika chini yake: "Poleni jamani! Na yule bibi wa ghorofa ya tano anapandaje?" Bibi huyo ni mama mkwe wangu. Nani kamwambia? Nilipochunguza, ni mimi, katika tangazo la mwaka juzi. Anayasoma yote!

2. Zamu ya kufagia ngazi sasa inajadiliwa kimataifa. Mstaafu mmoja ametamka kwamba ghorofa ya pili imeonewa. Ghorofa ya pili, ambao hawakuwahi kujua kuwa wana zamu, wanamnukuu.

3. Mama mkwe naye amejifunza kujibu. "Wanangu, leo nimeshuka mara moja tu, magoti yanalia." Mimi mkwewe nitamkatazaje? Adabu inanifunga mdomo. Wageni wanampigia makofi.

4. Hili ndilo zito. Mwenye jengo kumbe naye yuko kwenye mtandao mwingine, na wageni wakamkuta hukohuko. Wakamuuliza kila siku, kwa upole wa kuudhi, lifti itapona lini. Barua zangu zenye muhuri hakuzijibu hata moja. Wao amewaletea fundi. Jana lifti imepanda! Sasa katibu atangaze nini? Ukurasa wangu wa Matatizo umebaki mtupu kama sufuria ya jana.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: uitoe tovuti, au wafuasi wote waandikishwe kuwa wapangaji halali na wapangiwe zamu ya ngazi. Mafagio nitatafuta.

Msalimie dada yangu, shemeji, watoto, na yeyote anayekufuata bila kukujua.

Wako katika utaratibu,
Mjomba, Katibu wa Wapangaji

Tanbihi: Naongeza haya nikiwa nimeegemea ukuta wa lifti. Nilikuwa naipeleka barua, imekwama juu ya ghorofa ya tatu, na kengele ya dharura ni bubu. Kwa mazoea tu nikatangaza kwenye tovuti. Mwokaji kajibu papo hapo: "Tulia, katibu, nimeshamwambia bibi." Namsikia mama mkwe akishuka na magoti yake, akiita ghorofa ya pili nzima ije na fundi. Mpwa wangu, usiguse kitu.