Pikipiki Yangu Yenye Kiti cha Sebuleni

Jumatatu, 3 Juni

Leo mke wangu ametoa tarehe. Jumamosi hii, au basi. Alisema huku anakunja nguo, wala hakupandisha sauti, na kwake hiyo ndiyo dalili mbaya. Akanikumbusha kwamba tangu enzi za uchumba nilimwahidi kumpakia kwenye pikipiki na kumpeleka barabara ya pwani, ile inayopita juu ya majabali, bahari ikiwa chini. Watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa na kuolewa, mimi bado naahidi. Kaka yake yuko likizo na Jumamosi anakwenda huko huko kwa pikipiki yake. Nisipokuwa tayari, atapanda kwa kaka yake.

Kwa kaka yake! Pikipiki ya shemeji ina kiti kilichochanika mpaka sponji inachungulia nje. Mimi ni fundi makochi. Nusu ya mtaa huu wamekalia kazi ya mikono yangu. Mke wangu mimi apite barabara kuu amekalia tambara?

Nikamwambia nitakuwa tayari. Akauliza tayari kwa lipi, pikipiki si ipo, mafuta si yanauzwa. Hapo ndipo watu wanaponishangaza. Hawajiulizi. Mimi nimejiuliza mchana kutwa: safari ndefu ya pikipiki inabebwa na nini hasa? Injini? Hapana. Inabebwa na makalio. Na hakuna mtu mtaani anayeyafahamu makalio ya watu kuliko mimi.

Jumanne, 4 Juni

Utafiti. Nimemtembelea jirani yetu dereva wa lori, anayeipita barabara ya pwani kila wiki. Nikamwuliza ganzi humwanzia upande gani, kulia au kushoto, na kama huanza kwenye nyama au kwenye mfupa. Akaniangalia sana. Akasema hajawahi kuulizwa. Kisha akafikiri kwa makini, akajibu kushoto, kwenye mfupa. Nilijua!

Nikamwuliza pia kuhusu picha ya kalenda iliyopo ukutani karakanani kwangu. Kalenda yenyewe imeshapitwa na miaka, lakini picha siwezi kuitoa. Ni barabara hiyo hiyo ya pwani inakata kona, chini bahari, na kwenye maji kuna kitu cheupe. Miaka yote hii sijui ni nini. Mwamba? Nyumba? Jahazi limepinduka? Fundi viatu wa mlango wa pili anasema ni uchafu wa mashine ya kuchapa, lakini yule hana hamu ya kujua kitu chochote. Dereva naye akasema kwenye kona hiyo yeye huangalia kona. Nikasikitika. Mtu anapita hapo kila wiki!

Mchana nikaanza kiti. Sponji ngumu chini, ya wastani katikati, laini juu, leza nyeusi ya kufunikia, mshono maradufu. Ile laini iliniishia, nikaazima kwenye kochi letu la nyumbani. Nikaacha kitambaa kimetandikwa vizuri juu ya mbao ili lisionekane limeguswa. Jioni mke wangu alirudi amechoka akajitupa kochini. Sauti niliyoisikia nisingependa kuiandika.

Jumatano, 5 Juni

Kiti kimekamilika. Nimeegesha pikipiki kwenye stendi katikati ya karakana na kufanya kazi zangu juu yake tangu asubuhi. Nimeshona mito, nimepokea wateja, nimekunywa chai. Hakuna ganzi. Mama mmoja aliyeleta viti vya kulia chakula aliomba ajaribu. Akapanda, akafumba macho. Ilibidi nimwombe ashuke. Fundi wa kweli haombi sifa zaidi ya hiyo.

Alasiri nikaitoa barabarani. Raha! Nilikuwa naona juu ya kuta za watu. Nikagundua jirani wa kona ana bata. Nani alijua?

Kisha nikafika njia panda, nikasimama, nikashusha mguu. Nikatafuta ardhi. Haikuwepo. Nikajaribu mguu mwingine, nao haukupata kitu. Pikipiki ikaanza kulala taratibu kabisa, hata nilipata muda wa kujiuliza tutaangukia upande gani. Tuliangukia kwenye ua wa michongoma.

Kati ya watu wote wa dunia hii, aliyekuja kuninasua ni shemeji. Akanichomoa miiba kwa upole wa kukera. Akasema shemeji, kiti kimekuwa kirefu, kata sponji kidogo tu, mambo yatakuwa sawa. Mtu ambaye kiti chake mwenyewe kinachungulia! Nikamjibu kwamba kiti hakina tatizo. Tatizo ni kusimama. Akauliza nitasafirije bila kusimama. Kusema kweli swali si baya. Nimelala nalo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata jibu. Sihitaji ardhi, nahitaji kitu cha kuegemea. Nikarudi kwa dereva, nikamwomba anitajie kila ukuta, kila nguzo na kila mti ulio karibu na lami kutoka hapa hadi mwisho wa barabara ya pwani, upande wa kushoto. Nadhani ameanza kunizoea. Alifumba macho akaendesha njia nzima kichwani. Kituo cha mafuta kina nguzo. Kwenye daraja kuna reli ya chuma. Mbele yake shule yenye ukuta mrefu. Nilikuwa nachora huku moyo unanienda mbio. Nani amewahi kuijua barabara kwa namna hii, kwa mahali pa kushika tu?

Kisha akafika kwenye kona ya kalenda. Akasema pale kushoto hakuna kitu. Kuna mawe madogo yaliyopakwa chokaa, halafu hewa, halafu bahari.

Nikamwuliza hayo mawe yana urefu gani. Akaonyesha chini ya goti. Nikamwuliza hewa ina urefu gani. Hakuonyesha.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi viatu nikaagiza soli nene. Akauliza nene kiasi gani. Nikamwambia aweke, aendelee kuweka, nitamwambia akome. Akasema mtu mwenye akili zake angekata sponji. Wamekula njama, yeye na shemeji.

Ijumaa, 7 Juni

Viatu viko tayari. Nimekuwa mrefu. Nilipopita mlangoni kwangu niligonga kichwa, jambo ambalo halijawahi kunitokea, na nikafurahi kidogo.

Jaribio kwenye njia panda: mguu umefika chini. Nimesimama wima mbele ya ule ule ua wa michongoma, wala hakuna aliyepita kuniona. Halafu nikataka kuondoka, nikaingiza gia ya kwanza. Kwa gia ya pili mguu unatakiwa kupita chini ya kile chuma cha gia ukiinue. Kiatu hakikuingia. Nikajaribu kwa ncha, kwa ubavu, kwa kisigino. Nimerudi mtaa mzima kwa gia ya kwanza, injini inapiga kelele watu wanafungua madirisha. Bibi mmoja mwenye ndoo kichwani alinipita. Akanipa pole.

Jioni nilimwuliza mke wangu, kwa udadisi tu, anaonaje safari nzima ikifanywa kwa gia ya kwanza. Aliweka kijiko chini. Akasema hakuomba kochi. Hakuomba viatu. Aliomba mimi nimpeleke, mimi na si mtu mwingine, na kama ni maumivu ya makalio yuko tayari kuyapata pamoja na mimi. Akaniambia mume wangu, chukua kisu, kata sponji, tulale mapema.

Iliniingia. Nilimwangalia nikaona amekwishapiga pasi shati langu la safari na limetundikwa mlangoni karibu na gauni lake. Nikaona aibu. Nikachukua kisu nikaenda karakanani kukata, sina ubishi tena.

Swali moja tu. Nikate tabaka lipi?

Jumamosi, 8 Juni

Niandike haraka kabla sijajionea huruma sana.

Ukikata la juu, unapoteza ulaini. La chini, unagonga chuma. Nikaona si vibaya kuyatenganisha nione kila moja linafanya kazi gani. Nani angekata bila kujua? Nikabandua leza. Nikabandua gundi. Nikakalia kila tabaka peke yake, kisha mawili mawili, kisha nikageuza. Niligundua mambo ambayo sidhani kama yameandikwa popote. Jibu nilikuwa nalo kulipopambazuka, tabaka la katikati lipungue nusu, na nikapaka gundi mpya kwa furaha kubwa. Gundi ile hukauka baada ya siku nzima. Nimekuwa nikiwaambia wateja hivyo maisha yangu yote.

Honi ikalia nje. Shemeji. Mke wangu akatoka amevaa gauni lake na kofia ngumu, akaja hadi karakanani, akaangalia pikipiki. Haikuwa na kiti kabisa. Kilikuwa mezani vipande vipande, kimebanwa na matofali.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alirekebisha mkanda wa kofia, akapanda nyuma ya kaka yake, juu ya lile tambara. Nilikimbia na mto nikamwomba angalau aukalie. Akasema asante, hapana. Shemeji aliinamisha macho, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka. Wakaondoka kwa gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilizisikia zote.

Mchana akapiga simu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Akasema yuko kwenye kona yenyewe, ya kalenda. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha ile. Nikamwuliza kile kitu cheupe ni nini. Akasema kipo, anakiona, na hatanieleza ng'o, nije nikione kwa macho yangu. Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba alitaka tukione pamoja.

Hapo nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo kabisa, liko mdomoni. Nikajisikia namwuliza ganzi imeanzia upande gani.

Akakata simu. Nimekaa chini sakafuni na nimelia kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Walilala huko, wamerudi leo jioni. Mke wangu ameshuka kwa awamu. Amekula chakula amesimama, na chai akainywa ameegemea jokofu. Najitahidi nisifurahi. Shemeji nikamvuta pembeni, nikamwuliza kile kitu cheupe. Akasema alikuwa anaangalia kona.

Jumatatu, 10 Juni

Tumeongea. Yeye kajilaza kwa tumbo kitandani, mimi nimekaa kwenye kigoda. Nimeomba msamaha na sikuweka hata swali moja ndani yake. Amesema safari ilikuwa nzuri, lakini haikuwa yake. Kila alipoona kitu aligeuka kuniambia, akakuta mgongo wa kaka yake. Mgongo ule ni mpana. Nusu ya bahari hakuiona, imepita nyuma ya koti.

Kisha akasema Jumamosi ijayo twende sisi wawili, mara ya mwisho kuniambia. Sharti moja: kiti changu kiwe cha kawaida, miguu ifike chini, viatu virudi kwa fundi. Nikakubali kabla hajamaliza. Nina furaha ambayo sijaipata tangu watoto wakiwa wadogo. Nimekwenda karakanani saa hiyo hiyo na kukata kiti changu hadi kimekuwa kama kilivyotoka dukani. Nimekaa juu ya pikipiki, nyayo zote mbili chini. Hakuna njama, hakuna utafiti.

Ila nimeufikiria ule mgongo. Wangu nao si mwembamba. Atatoka kwenye mgongo wa kaka yake aje kwenye mgongo wa mume wake, na bahari ipite vile vile. Sasa, yeye wa nyuma anahitaji miguu ifike chini kwa sababu gani? Yeye hasimamishi pikipiki. Sharti limetaja kiti changu, cha kwake cha nyuma halikukigusa. Akikaa juu ya kichwa changu ataona bahari yote, kona yote, na kile kitu cheupe tena, kabla yangu.

Sponji yote niliyokata inatosha cha kwake, na bado imebaki ya kuongezea. Nimeshapaka gundi. Kilichobaki ni ngazi.