Bahari Ndani ya Tangi la Stesheni

Leo nimeaibika mbele ya treni nzima, kuanzia injini hadi behewa la mwisho.

Nawaandikia ninyi mnaoishi kwenye nyumba za reli, landhi ya Nakuru, haraka haraka, kwa sababu Odongo, yule msaidizi wa dereva ambaye nyote mnaujua mdomo wake, amepita hapa mchana akipanda kwenda Kisumu. Kesho jioni atakuwa ameshuka kwenu. Barua hii inakuja na treni ya mizigo ya leo, kwa hiyo itamtangulia. Nataka msikie kwangu kwanza. Halafu mwishoni nina ombi. Msirukie mwisho. (Kefa, ni wewe ninakuambia.)

Kazi yangu mnaijua. Natunza pampu katika stesheni hii ndogo juu ya Elburgon. Navuta maji kutoka mtoni, yanapanda kwenye tangi, na injini zinazotoka kwenu zinakunywa hapa kabla ya kupambana na mlima wa Mau. Mnajua pia kwamba Jumamosi naanza livu, likizo yangu ya kwanza tangu niandikwe. Reli inampa mtu wa livu pasi ya kusafiri yeye na watu wake, kwenda na kurudi. Mimi watu wangu ni dada zangu wawili, Rasoa na Tabitha. Bwana Stesheni alinisaidia kuandika barua kueleza kwamba hao hawana baba wala mama ila mimi. Ikakubaliwa. Pasi yenyewe iko hapo Nakuru, kwa karani, inangoja kugongwa mhuri Ijumaa. Tunakwenda Mombasa, kisiwani.

Sasa kisiwa hiki si changu. Ni cha baba. Alipokuwa kwenye genge la kutengeneza njia, walipelekwa kule majuma sita, na akarudi na habari ambazo hazikuisha mpaka alipokufa. Alisema siku moja sote tutakwenda na kufanya mambo matano. Tutaingia baharini mpaka vidole vikunjamane. Tutakunywa madafu. Tutalala mchana, na hakuna atakayeuliza mgonjwa ni nani. Tutatembea bila viatu mchangani (hili tunalifanya hapa kila siku, lakini kwenye matope). La tano, ambalo baba alilisifu kuliko yote: jioni tutakaa tuyatazame maji na hatutafanya lolote.

Mwaka ambao tungeenda, mama aliugua. Uliofuata, hatukuwa naye. Uliofuata huo, hatukuwa na baba. Mimi nikaacha shule darasa la nne nikachukua kazi. Lakini yale mambo matano hatukuyaacha. Rasoa akimenya viazi, Tabitha huyahesabu kwa vidole, na akisahau moja hurudia kutoka mwanzo.

Jumapili iliyopita tulijaribu la tano, tusije tukaonekana washamba huko. Tulitoa viti nje, tukakaa tukitazama msitu, kwa kuwa kutoka kwetu mto hauonekani. Kabla chai haijapoa Rasoa alikuwa ameshika sindano, na mimi nilikuwa natia mpini kwenye jembe. Jirani akaja mbio kutuuliza msiba umetokea wapi. Si rahisi kama mnavyofikiri.

Basi asubuhi ya leo, Tabitha, ambaye ana miaka minane, aliniuliza nikiwa nafunga kamba za viatu, “Kaka, maji yakinichukua huko, utanifuata?”

Nikasema, “Nitakufuata.”

“Unajua kuogelea?”

“Nenda shule,” nikamwambia.

Swali hilo lilikaa nami asubuhi yote. Mnajua sisi watu wa huku. Mto wetu unafika magotini, na wenyewe ni wa kuvuka, si wa kuingia. Sijawahi kuzamisha kichwa majini tangu nizaliwe. Hata ubatizo wetu ni wa kunyunyiziwa. Nikaona siwezi kuwashusha wasichana wawili wa marehemu baba mpaka bahari kubwa hivyo, halafu maji yakimchukua mmoja nisimame tu ufukweni nikiita jina lake.

Na juu ya kichwa changu, siku zote, kuna tangi.

Niliangalia ubao wa kupimia. Maji yangenifika kifuani. Treni ya abiria ilikuwa bado karibu saa nzima, na Bwana Stesheni hugonga kengele yake, kile kipande cha reli kilichoning’inizwa, treni ikiondoka Elburgon. Nilikuwa nimepanga mambo yangu vizuri. (Nataka mkumbuke hivyo.)

Nikapanda ngazi. Juu nikavua shati na kaptula nikavitundika kwenye ukingo wa tangi. Ndani nilikuwa nimevaa nguo ya kuogelea ambayo Rasoa alinishonea kwa gunia la unga, lile jeupe la kitambaa. Alikuwa ameimaliza jana na akaniapisha nisiivae kabla ya Mombasa. Maandishi ya gunia aliyaweka nyuma, kwa kuwa mbele, alisema, hayapendezi.

Nikaingia. Ndugu zangu, maji ya Mau si maji ya bahari. Baba alisema bahari ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Haya yalinikata pumzi ikarudi nyuma. Nikasimama nikitetemeka mpaka mwili ukakubali. Kisha nikafuata maneno ya Kefa, aliyenifundisha kuogelea Krismasi iliyopita tukiwa tumekaa kwenye benchi. Lala chali, alisema. Masikio yaingie majini. Tazama juu. Usihangaike. (Kefa naye alikuwa ameona mtu akifanya hivyo, mara moja, kwa mbali.)

Mara ya kwanza nilizama mpaka puani nikanywa maji ya serikali. Mara ya pili pia. Mara ya tano, mtaniamini au hamtaniamini, nilielea.

Niseme ukweli, kwa sababu Odongo hatawaambia sehemu hii, hakuiona. Nilielea nikahesabu mpaka ishirini na zaidi. Masikio yalikuwa chini na dunia ilikuwa kimya. Sikuuona msitu, wala stesheni, wala nyumba yetu. Niliona mbingu tu na wingu moja. Nikafikiri, labda hivi ndivyo baba alivyolala kule. Nikawaona Rasoa na Tabitha pembeni, vidole vimekunjamana. Sikutaka kusimama tena.

Ndiyo maana sikuisikia kengele.

Tangi lilipoanza kutikisika nilidhani ni mimi na baridi yangu. Nikasimama, masikio yakafunguka, na injini ikapumua hapo chini kama iko kitandani mwangu. Treni ilikuwa imefika, tena kabla ya wakati wake. Siku zote huchelewa. Leo iliwahi!

Mtikisiko ule ukaiangusha kaptula yangu ndani ya maji. Mfukoni mlikuwa na spana na funguo za nyumba ya pampu, kwa hiyo ilishuka kama jiwe. Nikafikiri, acha ikae, nitaitoa baadaye. Nikachuchumaa mpaka shingoni nikanyamaza. Watakunywa maji, wataondoka, na hakuna atakayejua. Ulikuwa mpango mzuri mpaka walipofungua bomba, na kaptula yangu ikatembea yenyewe kwenye sakafu ya tangi, polepole kama mtu anayekwenda kanisani, ikajisokomeza kwenye mdomo wa bomba.

Nikamsikia dereva akilalamika kwamba bomba linatema mate tu. Akasikika Bwana Stesheni akiniita, mara ya kwanza kwa jina langu moja, mara ya pili kwa majina yote. Halafu nikasikia viatu kwenye ngazi, na kichwa cha Odongo kikatokea juu ya ukingo.

Tukatazamana.

“Abisai?”

“Ni mimi.”

“Umeanguka?”

(Hapo Mungu alinifungulia mlango. Ningesema ndiyo, barua hii isingekuwapo.)

“Hapana,” nikasema. “Naogelea.”

Odongo alifikiri kidogo. Kisha akageuka, na kwa sauti ile ile anayotumia kupigia kelele injini ikiwa mbioni, akamwambia dereva, “Mtu wa pampu yuko humu. Anaogelea.”

Madirisha yakafunguka. Nilikuwa siyaoni, lakini niliyasikia, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa treni.

Dereva akauliza kutoka chini naogelea kwa sababu gani. Odongo akanitazama, akamjibu kwamba hajui, lakini naonekana sijui kuogelea. Halafu akaniambia niitoe nguo yangu kwenye bomba, treni inachelewa.

Nilijaribu kwa mguu. Nilijaribu kwa vidole vya mguu. Maji yalikuwa yameing’ang’ania kaptula ile. Hapakuwa na njia ila kuinama, na kuinama maana yake ni kichwa chote kwenda chini.

“Mbona husogei?” Odongo akasema. “Haya ni maji tu, kaka.”

Lile neno “kaka” ndilo lililonimaliza. Nikamkumbuka Tabitha na kiatu changu na lile swali. Nikaziba pua, nikafumba macho, nikaenda chini.

Sijui nilikaa huko muda gani. Odongo atasema ni muda wa kupiga chafya. Niliishika kaptula nikaivuta, ikachanika, nikavuta tena, nikaibuka nayo mkononi, na bomba likanguruma. Watu wote wa treni wakapiga makofi. Nikapunga mkono. (Sijui kwa nini nilipunga mkono.)

Injini ikanywa ikashiba. Mimi nilingoja humo, maji yakinishukia kifuani, tumboni, kiunoni, nikiomba waondoke kwanza. Lakini Bwana Stesheni alikuwa chini ya ngazi akisema nishuke sasa hivi. Kaptula ilikuwa imepasuka kutoka kiunoni hadi gotini, haikuwa nguo tena. Nikavaa shati, likaishia kwenye kitovu, kwa sababu ni shati la zamani nami nimekua. Nikashuka.

Sasa fikirini. Mtu akishuka ngazi anatazama tangi. Mgongo unatazama treni. Na kila kitu kilicho chini ya mgongo.

Kwanza palikuwa kimya, kwa sababu walikuwa wanasoma. Rasoa ni mshonaji mzuri, herufi zilikuwa zimenyooka. UNGA upande wa kushoto. SAFI upande wa kulia.

Mama mmoja wa daraja la tatu akasema, kwa huruma kabisa, “Huo unga umeharibika. Umelowa.”

Treni ilicheka mpaka ikaondoka. Naamini wengine walikuwa bado wanacheka Molo.

Ofisini Bwana Stesheni alifungua kitabu cha treni zilizochelewa. Dakika tisa, na kila kuchelewa lazima pawe na sababu. Akashika kalamu akaniuliza, bila kuinua macho, nilikuwa natafuta nini ndani ya tangi. Nilikuwa nimejifunga gunia la barua kiunoni, natetemeka, na sikuweza kutunga uongo. Nikamweleza kuhusu baba, yale mambo matano, na swali la Tabitha.

Aliiweka kalamu mezani. Kisha akasema, “Mimi nimezaliwa kisiwani. Nyumba yetu ungeweza kutupa jiwe likaingia baharini.”

Nikasema sikujua.

“Na sijui kuogelea. Baba yangu pia hakujua. Bahari tunaitazama, Abisai. Ukitaka sana, unaingia mpaka magotini na watoto umewashika mikono. Hakuna atakayekuja kukupima.”

Akatazama dirishani, kwenye ukungu na magogo. Sijawahi kumwona akitazama hivyo. Akasema nikifika nimletee mabungo. Ni matunda, sijui ya namna gani. Alisema nitayajua kwa harufu, na yeye ana miaka sita hajaisikia harufu hiyo. Nimeyaandika kwenye kiganja.

Halafu akaandika kitabuni. Sababu ya kuchelewa: takataka ndani ya bomba.

(Kaptula ile niliifua Jumapili.)

Akaniambia kama angeandika ukweli, ukweli ungefika Nakuru, na karani asingegonga mhuri pasi ya mtu anayeoga katika maji ya injini. Yeye ameshafanya lake. Yaliyobaki ni midomo ya watu.

Nyumbani Rasoa aliigeuza ile nguo ya gunia mbele ya moto, akaikagua kila upindo, na hakuuliza chochote ila, “Uzi ulishika?”

Nikasema ulishika. Akaikunja akairudisha kwenye sanduku la safari. Tabitha yeye alitaka kujua kama sasa najua kuogelea. Nikamwambia najua kusimama, na najua kumshika mkono. Akafikiri, akasema sawa.

Ombi langu basi ni hili. Kesho jioni Odongo ataingia hapo landhi na kuanza kuwaonyesha kwa mikono. Mpeni chai. Mpeni viazi. Mkalisheni mbali na nyumba ya karani, na mtu asicheke kwa sauti. Mkizidiwa na kicheko, ng’ateni shuka. Ni mpaka Ijumaa tu, mhuri ugongwe.

Jumamosi jioni treni yetu itasimama Nakuru. Njooni wote platifomu mcheke mpaka mshibe, hata Kefa. Mtaniona dirishani katikati ya dada zangu, nimekaa, sifanyi lolote.