Bata Mzinga wa Mkimbizi

Dastan hakuwahi kumwibia mtu. Hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi, na karibu kila alipolisema alikuwa ameshika kitu cha mtu. Yeye alijiita dalali. Ofisi yake ilikuwa pikipiki nyekundu iliyoegeshwa nje ya stendi ya Igumbilo, Iringa, na kiti cha ofisi kilikuwa kiti cha hiyo hiyo pikipiki. Aliipenda pikipiki ile kuliko alivyowahi kumpenda binadamu. Asubuhi aliifuta kwa kitambaa safi kabla hajanawa uso.

Siku moja basi la kutoka Mbeya lilishusha abiria, na kati yao akashuka mzee mrefu mwenye kofia ya pama, koti la suti, gambuti miguuni na fimbo mkononi. Nyuma yake alishuka mkewe, mama mnene asiyesema sana, mwenye macho yanayopita juu ya kila kitu taratibu. Mzee akasimama katikati ya stendi, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe walio ng'ambo ya mto:

"Nyumba wanauzia wapi hapa?"

Wauza karanga wakamtazama kwa huruma. Dastan alikata simu aliyokuwa akiongea, akavaa ile sura yake ya upole wenye majonzi kidogo, sura aliyoitunza kwa ajili ya wateja wakubwa tu, akasogea.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Mungu amekuonea huruma umekutana na mimi. Mji huu umejaa matapeli, mzee. Mimi mwenyewe wananitisha."

Mzee aliitwa Nkuba, mfugaji wa Ubaruku kule bonde la Usangu, ambako wazazi wake walihamia na mifugo yao kutoka Usukumani. Mkewe aliitwa Sayi. Walitaka nyumba ya familia, pembeni ya mji, mahali ambapo watoto na wajukuu wangekaa wasome bila kukatisha mashamba ya mpunga gizani kila alfajiri. Mwaka jana mjukuu mmoja alitumbukia kwenye mfereji na begi lake, na tangu siku hiyo Sayi alikuwa hapati usingizi.

"Kuna nyumba Uyole, Mbeya, tunaiangalia," alisema Nkuba. "Na Iringa tumeambiwa shule ziko vizuri. Sasa tunapima. Hatujaamua."

"Kupima ni busara," alisema Dastan, na moyoni akaanza kucheza muziki.

Sasa ni lazima tuzungumzie ufunguo. Mfukoni mwa Dastan kulikuwa na ufunguo wa nyumba iliyoko mtaa wa Mkimbizi, mali ya Bi Mwanakhamisi, mjane mfanyabiashara wa vitenge. Bibi huyo alikuwa amehamia Mbeya mjini kwa binti yake Asmaa aliyejifungua, akamwachia Dastan ufunguo amtafutie mpangaji mwadilifu. Dastan alitafuta kwa muda wa kunywa soda moja. Mpangaji analipa kidogo kidogo. Mnunuzi analipa mara moja, na mtu aliyelipwa mara moja anaweza kuwa Tunduma, mpakani, kabla stakabadhi haijakauka wino.

"Nina nyumba," akamwambia Nkuba. "Si ya mtu. Ni yangu mwenyewe. Nimezaliwa humo."

*

Nyumba ya Mkimbizi ilikuwa nzuri kwa mtu aliyeitazama akiwa amefumba jicho moja. Rangi ilikuwa imebabuka, geti limelala upande mmoja, lakini vyumba vilikuwa vingi na uwanja mpana, wenye mikaratusi nyuma na upepo wa Iringa unaoingia hadi kwenye mifupa. Dastan alihangaika na kufuli mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Alipofungua geti, alikutana na jambo ambalo hakulitarajia.

Lilikuwa bata mzinga. Dume, mweusi, mkubwa, mwenye shingo nyekundu na hasira za muda mrefu. Alijivimbisha, akaburuza mbawa chini, akamtazama Dastan, kisha akamjia.

"Ananisalimia!" alipiga kelele Dastan akizunguka tanuri la zamani la mkaa. "Hajaniona siku mbili! Ana mapenzi sana! Ee mama yangu!"

Nkuba na Sayi walisimama wakitazama mapenzi hayo yakizunguka uwanja. Bata alimdonoa Dastan kwenye paja, akamdonoa mahali pengine tusipopataja, na Dastan akaishia juu ya ngazi. Hapo akatokea jirani, mzee Kalinga, akiwa na kikopo cha mahindi.

"Kamwene!" alisalimia Kalinga kwa Kihehe chake, akatikisa kikopo. Bata akatulia papo hapo, akamfuata nyuma ya nyumba kama mtoto anayefuata mandazi.

"Kijana wangu wa kazi," Dastan alinong'ona akishuka ngazi. Kijana huyo alikuwa na miaka inayokaribia themanini.

Wakaingia ndani. Dastan aliwaonyesha choo kwa kufungua mlango wa stoo. Aliwaonyesha stoo kwa kufungua mlango wa choo. Sayi alimtazama mumewe, Nkuba akaitazama dari.

"Nyumba hii iko vizuri," alisema Nkuba mwishowe.

"Basi tumalize leo, mzee wangu. Kuna daktari mmoja ananisumbua kwa simu. Nipe hata kishika uchumba."

"Aa, hapana. Sisi ng'ombe hatununui siku ya kwanza. Unaiona leo, unaenda nyumbani, unairudia. Nyumba ni kubwa kuliko ng'ombe." Nkuba akagonga ukuta kwa fimbo. "Halafu ile ya Uyole ina rangi mpya."

*

Hapo ndipo Dastan alipoanza safari ambayo wataalamu wa utapeli hawaishauri, yaani kutumia hela yake mwenyewe.

Alimleta fundi, nyumba ikapakwa rangi ya maziwa na mistari ya kahawia. Nkuba akarudi na kaka zake wawili. Wazee wa Usangu hawatembelei nyumba ya mtu wakatoka na njaa, hivyo Dastan aliagiza wali na nyama. Walikula kwa heshima zote, wakazunguka, wakakohoa.

"Rangi nzuri," alisema Nkuba. "Uyole wana tanki la maji."

Dastan akanunua tanki la maji. Nkuba akarudi na kaka zake, shangazi, na mashemeji ambao walishuka kwenye gari wakiwa tayari wameshika vijiko. Shangazi mmoja alijaribu vyumba vyote kwa kulala kidogo katika kila kimoja. Dastan aliagiza wali, nyama, na soda, na mara hii shangazi akauliza kama matunda yanakuja sasa au baadaye. Wakati wote huo bata mzinga alikuwa amembana Dastan jikoni.

"Tanki zuri," alisema Nkuba. "Lakini Uyole, aisee, geti lao linafunguka lenyewe kwa kidole kimoja."

"Mzee, kwani tunaamua lini?"

"Tunapima, ng'wanawane. Kitu cha ukoo kinapimwa na ukoo."

Akiba ya Dastan ilikuwa imekwisha, hata ile aliyoificha asiijue yeye mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake akipiga hesabu ya kichwani: akiacha sasa, amepoteza kila kitu. Akiongeza geti, siku moja tu, fedha ya nyumba nzima inamwangukia mkononi, na Tunduma inamsubiri. Mahesabu ya namna hii yamewahi kuwaangusha watu wakubwa kuliko Dastan, ila hao walikuwa na magari.

Aliuza pikipiki.

Ilimuuma, na hakuna haja ya kuficha: alilia. Kijana aliyeinunua alikuwa mpole, aliitwa Shija, alikuja na hela taslimu na wala hakubishana bei. Dastan alimwelekeza namna ya kuiwasha asubuhi za baridi, akaipapasa tangi, akaondoka kwa miguu bila kugeuka. Kesho yake geti jipya likafungwa Mkimbizi, jeusi, lenye maua ya chuma, linalofunguka kwa kidole kimoja.

Jioni Nkuba akapiga simu. "Ukoo umekubali," alisema. "Tunachukua Iringa. Njoo Ijumaa asubuhi, mjumbe atakuwepo, tuandikishane."

Dastan alibusu simu.

*

Ijumaa alifika akiwa amevaa suti ya kuazima. Kwapani alikuwa na hati za mauziano alizojichapia mwenyewe, na mfukoni tiketi ya basi la Tunduma. Alisukuma geti kwa kidole kimoja. Likafunguka vizuri sana.

Uwanjani ukoo wote ulikuwepo. Mjumbe wa mtaa alikuwepo. Mzee Kalinga alikuwepo na kikopo chake. Na kwenye kiti, katikati, alikaa Bi Mwanakhamisi katika kitenge kipya, na bata mzinga amelaza kichwa mapajani pake huku akikunwa shingo.

Miguu ya Dastan ilitaka kwenda Tunduma peke yake.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Mwanakhamisi. "Kumbe bado dunia ina vijana wema. Nilikutuma mpangaji, wewe ukaniletea mnunuzi! Tena ukanipakia rangi. Na tanki. Na geti hili, mashaallah, sikukuomba hata kitasa."

"Bi mkubwa... mimi..."

"Labda umegharamika?" aliuliza bibi kwa upole wa sukari. "Sema tu mbele ya mjumbe. Eleza ulikuwa unaitengeneza nyumba yangu kwa sababu gani, tukurudishie."

Mjumbe akatoa kalamu, akasubiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Dastan alikosa uongo wa kutosha.

"Ni... moyo wa kujitolea," alisema.

"Mungu akulipe," ukoo wote ulijibu kwa pamoja.

Alimvuta Nkuba pembeni, karibu na tanki. "Mzee wangu, mlijua lini?"

"Siku ya kwanza," alisema Nkuba. "Bata hii ilikukataa. Kwetu mnyama asipokujua, si wako, na uwanja anaolala si wako. Mke wangu akamfuata yule kijana wako wa kazi nyuma ya nyumba, akamuuliza bata ni ya nani. Akatupa namba ya mama. Bei tulipatana jioni ile ile."

"Jioni ile ile! Kabla ya rangi?"

"Kabla ya rangi."

"Na Uyole?"

"Uyole huwa napita tu na basi. Sijawahi kushuka."

Nje kulisikika mngurumo ambao Dastan angeutambua hata usingizini. Shija akaingia na pikipiki nyekundu, akaiegesha kivulini, akamwamkia mzee kwa kupiga magoti. "Mtoto wa dada yangu," alisema Nkuba. "Anasema inasumbua kuwaka asubuhi, lakini wewe ulimwelekeza vizuri."

Sayi, ambaye Dastan hakuwa amemsikia akisema neno tangu Igumbilo, alisimama katikati ya uwanja akawatazama wajukuu wakikimbia kutoka chumba hadi chumba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hapa hakuna mfereji," alisema. Kisha akamgeukia Dastan. "Dalali lazima apate chake. Asiondoke mikono mitupu, ni aibu kwetu."

Ukoo ukakubali kwamba ni aibu. Bi Mwanakhamisi akafikiri, akainuka, akamkabidhi Dastan fungu lake mbele ya mjumbe, likaandikwa na kutiwa saini kisheria kabisa. Karatasi ile Dastan aliiweka mfuko wa suti, na suti akairudisha kwa mwenyewe jioni ile bila kukumbuka kupekua mifuko.

*

Jumamosi, soko kuu la Iringa. Dastan alikuwa amesimama karibu na wauza kuku, shati limechanika, amemfunga bata mzinga, fungu lake la udalali, kamba mguuni. Mama Goodness, mwenye hoteli, alisimama akamtazama bata.

"Unauza?"

"Nauza, dada. Ni wangu mwenyewe."

Bata akamdonoa goti.

"Wako?" alisema Mama Goodness. "Mbona anakukataa?"

"Ndivyo alivyo! Ni wangu kabisa, haki ya Mungu! Nimepewa!"

"Umepewa na nani?"

"Na... na watu niliotaka kuwauzia nyumba."

"Nyumba yako?"

Watu wakaanza kujaa. Mmoja akasema anamfahamu huyu, ni yule wa stendi. Mgambo wa soko akasogea taratibu, akiwa ameshika kirungu. Dastan alitazama huku na huku, jasho likimtiririka, akiwa anasema kweli tupu na hakuna hata mtu mmoja wa kuiamini.

Ndipo akaiona pikipiki nyekundu ikikata kona. Shija anaendesha, Nkuba nyuma yake, kofia ya pama imeshikiliwa kwa mkono mmoja.

"Mzee Nkuba!" alilia Dastan. "Mzee wangu, njoo! Waambie hawa watu! Waambie huyu bata ni wangu!"

Nkuba akashuka polepole. Umati ukampisha. Alimzunguka bata mara moja kulia, mara moja kushoto. Alimgusa mgongo kwa ncha ya fimbo, akachungulia chini ya mbawa, akamtazama mgambo, akamtazama Dastan, akavuta pumzi ndefu.

"Hili ni jambo kubwa," alisema. "Siwezi kuamua peke yangu leo. Ngoja kwanza ukoo uje umwone."

Halafu akakaa juu ya gunia la viazi, akaweka fimbo magotini, akamuuliza Dastan kama chakula kimeagizwa.