Nimechapa Kapeti, Kapeti Likalia

Jamani, leo sina uso wa kuonyesha watu. Naandika haya nikiwa nyuma ya banda la kuku, na hata kuku wananitazama vibaya.

Mamamkwe alikuwa anakuja kutoka Dabani kumwona mjukuu. Ni mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu hapa Tororo, na mke wangu Nabwire amembembeleza mwaka mzima. Kwao Wasamia, mkwe na mamamkwe hawasogeleani. Hakuna kupeana mkono, hakuna kukaa chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. (Mimi ndiye huwa naingia. Siafu wa Dabani nawajua kwa majina.)

"Mama akikuta kapeti linanuka hivi, hatarudi tena," Nabwire akaniambia asubuhi. "Na mimi nitaondoka naye."

Hapo nikachanganyikiwa, maana siku hizi sijui kapeti linasafishwaje. Mama yangu alikuwa na mkeka tu. Ukichafuka anautundika, anauchapa fimbo, basi. Tulipopata kapeti tukaambiwa tulisugue kwa brashi na sabuni. Baadaye tukaambiwa hapana, lipelekwe pale wanapoosha magari. (Langu lilirudi linanuka grisi.) Sasa mitandaoni wanasema maji ni adui wa kapeti: nyunyiza magadi soda, ngoja, halafu nyonya vumbi kwa mashine. Nikanyunyiza. Nikaazima mashine kwa jirani. Ikanguruma, ikameza soksi yangu, umeme ukapotea.

Kapeti jeupe kwa magadi, mgeni yuko njiani. Nikasema liwalo na liwe, narudi kwenye njia ya mama yangu. Nikalitundika kwenye kamba nyuma ya nyumba, nikaenda kutafuta fimbo.

Pigo la kwanza, vumbi. La pili, vumbi zaidi. La tatu, kapeti likasema, "Wuui."

Nikatazama fimbo. Nikatazama kapeti. Nikajiambia ni magadi yamenipanda kichwani. Nikachapa tena, taratibu, nihakikishe. (Msiniulize kwa nini.)

"Wuui," kapeti likasema.

Nikainama. Chini ya kapeti kulikuwa na miguu miwili, imevaa viatu vya kanisani.

"Nabwire," nikaita, "kapeti lina miguu."

Nabwire akatoka na mtoto mgongoni, akachungulia upande wa pili, akashika mdomo. Kumbe mama yake alipitia nyuma ili tusikutane mlangoni. Akaniona nakuja na fimbo, akajibanza nyuma ya kapeti kwa heshima. Yeye ananiheshimu, mimi namchapa.

Nikataka kuomba radhi, lakini kuongea naye ana kwa ana ni mwiko. Yeye hawezi kutoka mpaka niondoke, na mimi siondoki kabla ya kuomba radhi. Tukabaki hivyo, kapeti katikati.

Mwishowe sauti ikatoka kule nyuma. "Mjukuu wangu, mwambie baba yako mimi si vumbi."

"Mwambie nyanya nimekosa," nikamwambia mtoto. (Mtoto mwenyewe hajaota hata jino.)

Nikajua basi, mama anarudi Dabani na mke wangu yuko nyuma yake. Nilitamani kulia.

"Mwambie pia," sauti ikasema, "huku upande wangu vumbi bado lipo. Nikishaingia ndani, aje amalizie."

Ndipo nikakimbilia huku bandani ili apite. Nasikia wanacheka huko ndani, mamamkwe kuliko wote. Amesema atakaa mpaka mjukuu aote meno. Nabwire naye ameamua kapeti litundikwe katikati ya sebule, mama ale upande wake, mimi wangu. Kwa hiyo nikimaliza kulisafisha, halitakanyagwa tena.

Msinicheke. Ila ukitaka kuchapa kapeti lako, ndugu yangu, bisha hodi kwanza.